Damu ya Mama, Kromosomu za Mtoto: Kompyuta Inahesabu Nini?

Mama mmoja wa Nyalenda, Kisumu, alikuja kliniki akiwa na mimba ya wiki 13 na karatasi ya maabara iliyoandikwa "hatari kubwa". Ilikuwa ya kipimo cha damu ya mama kinachotafuta kama mtoto ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili. Alikuwa hajalala siku tatu. Maswali yake, pamoja na ya wenzake waliokuwa kwenye benchi, ndiyo haya.

Sista, damu ni yangu. Ya mtoto imeingiaje?

Si damu yake, ni vipande vidogo vya DNA, kemikali inayobeba maelekezo ya mwili, ambavyo kondo la nyuma humwaga katika damu yako. Mtafiti Dennis Lo na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 1997, na kipimo chenyewe kikaanza kutolewa kwa wajawazito 2011. Kuanzia wiki ya 10, vipande hivyo huwa kama asilimia 10 ya DNA yote inayoelea kwenye damu yako. Shika hilo neno kondo, tutalirudia.

Na kompyuta inafanya nini?

Inahesabu. Chukua gunia la mahindi pale soko la Kibuye: punje za mama na za mtoto zimechanganyika, na kwa macho hazitofautiki. Mashine husoma mamilioni ya vipande na kuvitenga mafungu mafungu kulingana na kromosomu vilikotoka, yaani nyuzi za DNA zilizo ndani ya seli. Mtoto mwenye sindromu ya Down ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Basi palipotarajiwa vipande 100 vya kromosomu hiyo, patapatikana kama 105. Na kama sehemu ya mtoto ni asilimia 4 tu, patapatikana 102.

Hivyo viwili vya ziada ndivyo shida. Vinaweza kuwa vya mtoto kweli, au vimeletwa na namna sampuli ilivyoandaliwa siku hiyo. Hapo ndipo inapohitajika programu iliyofunzwa kwa sampuli nyingi za mimba ambazo matokeo yake yanajulikana, mpaka ikazoea kutenganisha ongezeko la kweli na fujo za maabara. Hukadiria pia sehemu ya mtoto ni kiasi gani. Ikiwa ndogo mno, kama inavyotokea kwa mama mwenye uzito mkubwa au aliyepimwa mapema mno, ataambiwa arudie.

Wanasema inapatia asilimia 99. Basi yangu ni kweli?

Pole mama. Hapa ndipo watu wengi huumia bure, kwa hivyo tuhesabu pamoja.

Chukua akina mama 10,000 wa miaka 25. Katika umri huo, karibu mtoto 1 kati ya 1,250 ana sindromu ya Down, yaani watoto 8. Kipimo kitawaona karibu wote. Lakini hata kikikosea kwa mama 1 tu kati ya 1,000 ambao watoto wao hawana hali hiyo, mama wengine 10 watapewa karatasi kama yako. Karatasi 18, za kweli 8.

Sasa chukua wenye miaka 40, ambapo ni karibu mtoto 1 kati ya 100. Watoto 100 wana hali hiyo, na karatasi za makosa bado ni 10 hivi. Maneno ni yaleyale, "hatari kubwa", lakini uzito wake si mmoja. Binafsi ningependa kila maabara iandike hesabu hiyo kwenye karatasi, kando ya umri wa mama.

Makosa mengine si ya kompyuta. Kromosomu ya ziada inaweza kuwa kwenye kondo peke yake na mtoto akawa salama. Au palikuwa na pacha aliyefia tumboni mapema, na DNA yake ikabaki kwenye damu yako. Ndiyo maana jibu la uhakika hutoka kwenye maji ya uzazi, yanayochukuliwa kwa sindano kuanzia wiki ya 15. Hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya sindano hiyo ipo, ila ni chini ya 1 kati ya 100. Usiamue lolote kabla ya hapo.

Nikishapima hivi, skani niache?

Usiache. Kipimo hiki hakioni uti wa mgongo uliokosa kufunga wala tundu la moyo. Nenda skani kabla ya wiki 24, na vidonge vya foliki asidi uendelee navyo.

Na seli mundu?

Hili ndilo swali ambalo huku kwetu magharibi, kuanzia Siaya hadi Busia, lingefaa kutangulia. Kipimo cha kawaida cha kuhesabu kromosomu hakiugundui. Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni kosa dogo ndani ya jeni moja, yaani kipande kimoja cha DNA kwenye kromosomu; idadi ya kromosomu inabaki 46. Ikiwa baba na mama wote wanabeba jeni hiyo bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mgonjwa. Pimeni wote wawili, ikiwezekana kabla ya mimba. Ni damu ya kawaida tu. Mkiwa mnaibeba, mtoto apimwe akizaliwa, kwa tone la damu ya kisigino, ili aanzishiwe penisilini na kinga ya malaria kabla hajaanza kuugua.