Kazi mbili za RNA fupi ndani ya seli yenye silia

Njia zetu za hewa zimetandazwa seli ambazo kila moja imeota silia 200 hadi 300, yaani vinyweleo vidogo mno vinavyopiga kwa pamoja na kusukuma kamasi kuelekea kooni. Visipofanya kazi, makohozi hutuama kifuani na maambukizi hayaishi. Swali linalonishughulisha ni hili: seli huamuaje kuota vinyweleo vingi hivyo?

Uamuzi huanzia kwa majirani. Seli yenye protini ya Delta kwenye utando wake huamsha protini ya Notch ya seli iliyo ubavuni. Notch ikiamshwa, kipande chake huingia kwenye kiini na kuifunga njia ya silia, na katika mapafu seli hiyo huishia kutoa ute. Tazama kiinitete cha chura Xenopus kwenye hadubini: seli zenye silia zimetawanyika ngozini kwa nafasi, hazigusani. Dondosha rangi kidogo kwenye maji na utaiona ikitiririka kutoka kichwani kwenda mkiani.

Lakini Delta hiyohiyo iliyowanyamazisha majirani, ikibaki nyingi, huzuia silia kuota. Nani anaipunguza? Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba ni miR-449, mojawapo ya maikroRNA, nyuzi za RNA zenye herufi kama 22 tu. Hujishika kwenye RNA mjumbe (nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini) ya Delta na ya Notch, na protini hizo zikapungua. Jaribio lililonishawishi zaidi ni lile la kuwapa viinitete vya chura RNA ya Delta iliyoondolewa sehemu ambazo miR-449 hujishikia: silia zilishindwa kuota. Na pale miR-449 ilipokosekana, kupunguza Delta au Notch kuliurudisha uotaji.

Kazi ya pili ilidhihirika mwaka 2014, kwa panya walioondolewa maikroRNA zote sita za ukoo wa miR-34 na miR-449. Wengi walikufa wachanga, na waliopona walikuwa tasa. Seli zao zilikuwa na sentrioli, mashina ambayo silia huotea, ila protini ya CP110 ilibaki juu yake kama kifuniko, na nyingi hazikufika juu ya seli, mahali ambapo silia huota. Watafiti walipoipunguza CP110, silia zikaanza kuota tena.

Mara nyingi husemwa kwamba maikroRNA hurekebisha mambo madogomadogo tu. Kwa seli hizi sikubali hata kidogo, maana bila ukoo huu seli inakwama ikiwa tayari imeshachagua njia.

Kwa hiyo sampuli ya pua ya mtoto anayekohoa tangu kuzaliwa ikionyesha seli zenye silia chache mno, kuhesabu silia hakutoshi. Tutazame sentrioli: hazikutengenezwa kabisa, kama inavyotokea jeni ya MCIDAS inapoharibika, au zipo ila hazikufika juu ya seli? Majibu hayo mawili yanaonyesha hatua mbili tofauti za safari hii, na kila moja ina jeni zake za kupimwa.