Arosto: maana yake, na kwa nini kijijini inauma zaidi

Arosto ni hali inayompata mtumiaji wa heroini mwili unapodai dozi na dozi haipo. Neno limeshaingia kwenye utani wa kila siku. Aliyekosa sigara ana arosto, aliyeishiwa bando ana arosto. Kwa anayetumia unga si utani hata kidogo, na bila kuielewa arosto huwezi kuuelewa uraibu wa heroini. (Neno "teja" nitaliacha. Ni jina la kumbandika mtu, na kijijini ukishabandikwa jina unazikwa nalo.)

Heroini hutengenezwa kwa mofini, nayo mofini hutoka kwenye utomvu wa mmea wa afyuni. Kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka 1898, tena kama dawa ya kikohozi. Ikiingia mwilini hufika haraka kwenye ubongo, ikatuliza maumivu, ikaleta usingizi na kupunguza kasi ya pumzi. Ikija kila siku, ubongo nao hujipanga: husukuma upande wa pili ili mtu aweze kukaa macho na kupumua. Fikiria watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja ndani, mmoja nje. Wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anaruka nje kwa nguvu zake mwenyewe. Hiyo ndiyo arosto. Heroini hufunga choo, arosto huleta kuhara. Heroini hulaza, arosto hunyima usingizi. Maumivu yaliyokuwa yamezimwa hurudi yote kwenye mifupa na misuli, pamoja na miayo, kamasi, jasho na vinyweleo kusimama.

Huanza kati ya saa 6 na 12 tangu dozi ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Ndiyo maana aliyezama hatafuti tena starehe. Anatafuta kukaa sawa, na ana saa chache tu za kufanya hivyo kabla mzunguko haujaanza upya.

Familia nyingi zikishaujua mzunguko huo huja na wazo lile lile: mtoto arudishwe kijijini, mbali na marafiki na wauzaji. Wazo lina mantiki yake. Atateseka wiki moja, atakula, atanenepa, ataonekana amepona. Lakini kuna jambo ambalo jicho halioni. Katika wiki hizo mwili umepoteza uzoefu wa kuhimili dozi kubwa, ilhali hamu bado iko kichwani na inaweza kukaa miezi au miaka. Siku akipata unga tena, atapima kwa kipimo chake cha zamani. Kipimo kile kile kilichokuwa kikimweka sawa sasa kinaweza kumzima pumzi. Watumiaji wanaotoka gerezani nao huweza kufa hivyo hivyo.

Tena unga wenyewe hufika vijijini. Ni mzigo mdogo, unaingia mfukoni, unapanda gari lile lile wanalopanda abiria wengine. Ukishafika, wizi unaoanza si wa benki. Ni jembe, kuku, betri ya sola, simu ya bibi. Thamani yake ndogo, ila kijiji kilizoea kuacha milango wazi, na sasa jirani anamtazama mtoto wa jirani mikono. Nguvu kazi ya shamba nayo inapungua msimu ambao hausubiri mtu, na wajukuu wanabaki mikononi mwa wazee.

Tiba ipo. Methadoni hukaa mwilini takriban siku nzima, hivyo dozi moja kwa siku huzuia arosto bila kumlevya aliyeizoea, naye anaweza kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Tatizo ni hilo neno "kwa siku". Kliniki nyingi hutaka mgonjwa, hasa mwanzoni, anywe mbele ya mhudumu. Wa mjini anakwenda kwa miguu. Wa kijijini anatafuta nauli kila asubuhi, anarudi jua limeshapanda, na wiki ya pili ameshachoka. Halafu mhudumu wa zahanati ni shangazi yake, au jirani wa shangazi. Kijijini siri haina pa kukaa, kwa hiyo watu hutumia kwa kujificha, na anayetumia peke yake akizidisha hana wa kumwona.

Kujificha huko huzaa pia kuchangia sindano. Huko Marekani, katika kaunti ya mashambani ya Scott, jimbo la Indiana, ambako maambukizi mapya ya VVU yalikuwa hayafiki 5 kwa mwaka, watu zaidi ya 180 waligundulika na virusi kufikia mwisho wa 2015. Wengi wao walikuwa wamejidunga kidonge cha maumivu kilichosagwa, cha jamii moja na heroini.

Aliyezidisha dozi huwa haamki, midomo inabadilika rangi, pumzi zinakuwa chache au za kukoroma. Gari la wagonjwa likiwa mbali, kinachohitajika kiwe mikononi mwa waliopo: kumpa pumzi kwa mdomo na naloksoni, dawa ya kupuliza puani au ya sindano, ambayo ndani ya dakika chache huisukuma heroini kutoka pale inaposhika kwenye ubongo. Ila kwa kuiondoa ghafla, humtumbukiza mtu kwenye arosto papo hapo. Anaamka akitapika, akitetemeka, pengine akimtukana aliyemwokoa, na anataka kwenda kutafuta nyingine. Asiachwe aende. Naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na heroini iliyobaki mwilini inaweza kumzamisha tena, kwa hiyo mtu akae naye, amlaze ubavu, mpaka usafiri ufike.