Bamia Haziongezi Ute wa Magoti

Mtu akilalamika magoti, hakosi wa kumwambia: "Ute umeisha, kula bamia." Mwingine atamwagiza supu ya kongoro. Ushauri huo hutolewa kwa huruma, na vyakula vyenyewe ni vizuri. Ila ute wa bamia ukishamezwa huishia tumboni na kwenye utumbo. Hauna njia ya kufika gotini. Ute wa goti hutengenezwa na utando ulio ndani ya kiungo chenyewe. Tena goti lenye osteoathritisi, yaani ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, si ajabu likawa na maji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana huvimba. Kinacholika ni gegedu, yaani tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa. Mfupa wa chini yake nao hubadilika na kuota vijipembe, na misuli inayolishika goti hulegea.

"Ni uzee tu, vumilia." Umri unachangia kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu, na asilimia 73 kati yao walikuwa wamevuka miaka 55. Lakini unachangiwa pia na uzito, kazi za kuchuchumaa na kubeba mizigo, na majeraha ya zamani. Mchezaji aliyechanika kano za goti ujanani anaweza kuanza kuumwa angali kijana. Neno "vumilia" linanisikitisha sana, maana bibi akishaambiwa hivyo haendi tena kutafuta msaada, na msaada upo.

"Goti linalouma lipumzishwe." Hii ndiyo dhana inayoumiza wengi kuliko zote. Mama anaacha kutembea, anapelekewa kila kitu kitini, na baada ya miezi michache paja limenywea. Msuli wa mbele wa paja ukidhoofu, mzigo wote unaliangukia goti, maumivu yanazidi, naye anazidi kukaa. Mazoezi ndiyo tiba ya kwanza, hata kabla ya vidonge. Kaa kwenye kiti imara, nyoosha mguu mmoja mpaka goti liwe sawa, ushikilie huku ukihesabu hadi tano, kisha ushushe taratibu. Rudia mara kumi, halafu mguu wa pili. Ukizoea, jaribu kuinuka kitini bila kushika kitu. Maumivu madogo wakati wa zoezi hayamaanishi unaharibu kiungo. Ila yakizidi hadi kesho yake, punguza.

Uzito nao usidharauliwe. Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Hata kilo tano goti litazihisi.

"Eksirei imeonyesha mifupa inasagana, basi tena." Picha na maumivu haviendi sambamba. Wapo wenye picha mbaya wanaotembea vizuri, na wenye picha nzuri wasiolala usiku. Anayetibiwa ni mtu. Upasuaji wa kubadilisha goti huwafaa wale ambao mazoezi na dawa vimeshindwa kuwasaidia.

"Dawa za dukani hazina shida." Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ikimezwa kila siku inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha, mzee mwenye presha au kisukari asiitumie bila kumwona daktari. Kwa wengi ile ya kupaka gotini ni salama zaidi. Ogopa hasa mchanganyiko wa vidonge visivyo na jina unaotuliza maumivu kwa siku moja. Mara nyingine ndani yake mna deksamethasoni au prednisoloni, dawa kali za aina ya steroidi, ambazo zikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

"Ni baridi." Baridi inaweza kufanya maumivu yasikike zaidi, lakini haisababishi gegedu kuisha.

Si kila goti bovu ni osteoathritisi. Ukakamavu wa asubuhi wa ugonjwa huu kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Ukipita saa nzima, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, huenda ni baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, nao una dawa zake. Goti lililovimba ghafla, la moto, pamoja na homa, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na fimbo: wengi huishika upande wa goti bovu. Ishike mkono wa upande mzima, uitangulize pamoja na mguu unaouma.