Je, wajua? Kwa nini jiwe la mwisho katika Fandry linamjia mtazamaji

Fandry, filamu ya India ya mwaka 2013 kwa lugha ya Kimarathi, iliyoongozwa na Nagraj Manjule, inaisha ghafla: mvulana Jabya anarusha jiwe moja kwa moja kuelekea kamera, na kioo kinakuwa cheusi. Sisi tuliojikalia vitini tumemkosea nini?

Aliyezoea filamu za Kihindi za nyimbo na ngumi atapiga miayo mapema, maana kwa muda mrefu hakuna kikubwa kinachotokea. Jabya anawinda ndege mweusi mwenye mkia mrefu, akiamini majivu yake yatamvuta Shalu, msichana wa darasani kwao. Anatamani suruali ya jinzi, basi. Chuki inapenya kwenye mambo madogo. Familia yake ni Wakaikadi, jamii inayodharauliwa na tabaka za juu, yaani zile ambazo mtu huzaliwa nazo. Inaishi pembeni mwa kijiji, na nguruwe wakisumbua, baba yake Kachru ndiye anayeamriwa awaondoe. Neno fandry lenyewe, kwa Kikaikadi, ni nguruwe.

Mwendo huo wa taratibu una kazi yake. Filamu ingeanza na kipigo, tungemchukia mpigaji na kujiona wema. Hapa tunamzoea Jabya kwanza kama kijana yeyote mwenye mapenzi, kwa hiyo aibu itakapomfika tunaijua tayari inaumia wapi.

Nayo inamfika jirani na shule. Familia nzima inamkimbiza nguruwe kwa kamba, huku Jabya akijibanza Shalu asimwone. Watu wamekaa kama wanatazama mpira: wanacheka, wanazomea, wanapiga picha za kuweka Facebook. Wengine huona sehemu hii imerefushwa mno. Imerefushwa, lakini kwa makusudi. Mwanzoni hata mtazamaji hucheka, kwa sababu mbio za nguruwe zinachekesha kweli. Kadiri zinavyoendelea, kicheko kinamkwama kooni.

Katikati ya mbio, wimbo wa taifa unaanza shuleni. Jabya anasimama wima, na wenzake wanasimama. Nguruwe, asiye na taifa, anatoroka. Katiba ya India ya mwaka 1950, katika ibara ya 17, ilipiga marufuku desturi ya kuwatenga watu kama najisi wasioguswa. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuiandika na ambaye mwenyewe alizaliwa kati ya watu hao, amechorwa kwenye ukuta wa shule. Baadaye familia inapita mbele ya ukuta huo ikiwa imembeba nguruwe kwenye mti. Hakuna anayesema neno, wala muziki haupandi kutuambia tuhuzunike.

Mawe ya kwanza Jabya anawarushia wazomeaji. Lakini kwa muda wote ule wa mbio, kamera ilikuwa inatazama pamoja nao, nasi nyuma yake.