Uatamizi wa kilimo biashara: maana yake kwa mhitimu asiye na ajira

Chuo, halmashauri au mradi ukitangaza kituo atamizi cha kilimo biashara, wahitimu wengi hudhani wanaitwa kwenye semina nyingine yenye cheti mwishoni. Sivyo. Uatamizi ni utaratibu wa kumchukua mtu mwenye nia ya kuishi kwa biashara ya kilimo, ambaye hana ardhi, mtaji wala uzoefu, na kumweka mahali atakapoifanya biashara hiyo kweli: anapanda, anafuga, anasindika, anauza, anapata au anapoteza. Pembeni yake wapo watu wanaoijua kazi, na wanabaki naye mpaka biashara iweze kwenda bila wao. Mafunzo ya darasani yamo, lakini ni sehemu ndogo. Mradi unaowaweka vijana ukumbini wiki mbili, ukawapiga picha ya pamoja na kuwaaga, umetoa mafunzo. Haujaatamia mtu.

Na kilimo biashara chenyewe ni kipana kuliko shamba. Kabla ya mbegu kuingia ardhini kuna anayezalisha miche, anayepima udongo, anayeuza pembejeo na anayefunga mabomba ya umwagiliaji wa matone. Baada ya mavuno kuna anayekausha, anayesaga, anayefungasha, anayesafirisha, anayetafuta wanunuzi na anayetunza hesabu za chama cha ushirika. Mhitimu wa uhasibu, sheria au kompyuta ana nafasi yake humo bila kushika jembe kutwa nzima. Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wameambiwa "rudini mkalime" na watu ambao wao wenyewe hawalimi, na kauli hiyo imewafanya waone kilimo ni adhabu ya aliyekosa kazi ya ofisini.

Hali inayozaa mipango hii inajulikana kwa kila familia iliyosomesha. Vyuo vinatoa wahitimu kila mwaka, na ajira za serikali na za kampuni hazikui kwa kasi hiyo. Kilimo kwa upande wake kinabeba takriban theluthi mbili ya nguvu kazi ya Tanzania, ila kinachangia robo tu, au zaidi kidogo, ya pato la taifa. Watu ni wengi, tija ni ndogo. Wazo ni kwamba mtu aliyesoma, akipewa njia ya kuingia, anaweza kupandisha tija hiyo na kuajiri wengine.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1985, huko Porto-Novo nchini Benin, padri Godfrey Nzamujo alianzisha kituo cha Songhai, ambako kijana anaishi shambani na kujifunza kwa kufanya, na taka za mradi mmoja zinakuwa malighafi ya mwingine: samadi inatoa gesi ya kupikia, na mabaki yanarutubisha bustani na mabwawa ya samaki. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti ya IITA, yenye makao Ibadan, Nigeria, ilikusanya kundi la wahitimu wa fani mbalimbali na kuwapa nafasi ya kuendesha miradi ya biashara ndani ya kituo cha utafiti. Mfumo huo ulisambaa hadi Kalambo, karibu na Bukavu huko Kivu Kusini, na hadi Tanzania. Baadaye Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuchukua na kuufanya programu ya nchi nyingi kwa jina la ENABLE Youth.

Kwetu, mfano ulio karibu ni SUGECO ya Morogoro. Ni ushirika ulioanzishwa mwaka 2011 na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo baada ya kuona kwamba hata aliyesomea kilimo anamaliza chuo bila kujua aanzie wapi. Umekuwa ukifundisha vijana ujasiriamali wa kilimo, kilimo cha kitalu nyumba na usindikaji, na kuwapeleka wengine mafunzo kwa vitendo nje ya nchi, Israel ikiwemo. Uzuri wake ni kwamba umetokana na wenye tatizo wenyewe.

Kisha ikaja BBT (Building a Better Tomorrow, yaani kujenga kesho iliyo bora), mpango wa Wizara ya Kilimo kwa vijana uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Dodoma mwezi Machi 2023. Zaidi ya vijana 20,000 waliomba awamu ya kwanza, wakachukuliwa 812, wakapelekwa kwenye vituo vya mafunzo kwa miezi kadhaa kabla ya kuelekea kwenye mashamba makubwa ya pamoja, kama lile la Chinangali wilayani Chamwino. Hapa serikali inasafisha ardhi, inachimba visima na kumgawia kijana kipande. Ni njia tofauti na ya SUGECO: moja inaanzia kwenye ardhi na maji, nyingine kwenye ujuzi na biashara ndogo. Zote zinaitwa uatamizi, na mwombaji anapaswa kujua anaingia ipi.

Kwa nini mhitimu mwenye akili zake asianze mwenyewe na mtaji wa mjomba? Jibu linaonekana ukikaa na kalamu. Tuchukue kuku wa nyama, mradi ambao karibu kila kijana mjini huufikiria kwanza. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, weka za kwako.

Unanunua vifaranga 500 kwa shilingi 2,000 kila kimoja: milioni moja. Mpaka wafikishe wiki tano, kila mmoja atakuwa amekula kilo tatu hivi za chakula, yaani kilo 1,500, sawa na mifuko 30 ya kilo 50. Mfuko ukiwa shilingi 80,000, hiyo ni 2,400,000. Ongeza mkaa wa kuwapasha joto, maranda ya kutandika sakafuni, chanjo ya kideri na ya Gumboro, kodi ya banda na posho ya msaidizi: tuseme 500,000. Jumla umetumia 3,900,000. Kuku 25 wakifa, jambo la kawaida kabisa, unabaki na 475. Ukiuza kila mmoja kwa 9,000 unapata 4,275,000. Faida ni 375,000 kwa wiki tano. Si haba kwa anayeanza.

Sasa siku ya 35 imefika, na yule mwenye hoteli aliyesema "nitachukua wote" hapokei simu. Kuku wa umri huo anakula gramu 160 hivi kwa siku. Kuku 475 wanamaliza kilo 76, mfuko mmoja na nusu, shilingi 120,000 kila siku ya Mungu. Bei ya kuku wako haipandi, kwa kuwa mnunuzi ananunua kwa kichwa, hapimi kilo. Siku tatu za kungoja zimekula 360,000. Umebaki na 15,000 za wiki tano za kuamka usiku kuangalia joto la banda. Siku ya nne uko kwenye hasara, na dalali aliyekuja na tenga anakupa bei ya kutupa kwa sababu anajua hesabu hii kukuzidi.

Kijana huyo hakukosa elimu ya ufugaji. Alichanja kwa wakati na vifo vilikuwa vichache. Alichokosa ni mnunuzi aliyefungwa naye mapema, friji ya kuhifadhia nyama, na mtu wa kumwambia asiingize vifaranga 500 siku moja bali 100 kila wiki, ili auze kidogo kidogo kwa mama lishe, mabucha na majirani. Kituo atamizi kinachojua kazi yake kinaanzia hapo. Kabla kifaranga hakijaagizwa, mwanafunzi ametumwa sokoni kuuliza nani ananunua nini, kwa bei gani, analipa taslimu au kwa mali kauli. Kituo kinaagiza vifaranga na chakula kwa pamoja ili bei ishuke. Kina machinjio na majokofu ya kutumia kwa zamu. Kina daftari la kila banda, na mlezi analikagua kila wiki.

Mlezi huyo ndiye kiini cha jambo zima, ingawa matangazo huvutia zaidi kwa kutaja majengo na matrekta. Anatakiwa awe mtu anayeifanya biashara hiyo hiyo. Mkulima wa nyanya aliyekwisha kupambana na kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na kumaliza mashamba, anamfundisha kijana kukagua majani asubuhi na kutega mitego mapema kwa namna ambayo slaidi za ukumbini haziwezi. Anajua pia lumbesa, ule ujazo wa gunia kupita kipimo, inavyomwibia mkulima na dalali gani analipa.

Ardhi na mtaji ni vikwazo vya kweli, lakini vina milango. Kwa asiye na shamba, naona ni busara aanze na huduma: kuotesha miche kwenye trei, kulea vifaranga mpaka wiki nne na kuwauzia wafugaji, au kusindika unga wa viazi lishe anavyonunua kwa wakulima. Kazi hizi zinataka uwanja mdogo, na fedha inazunguka haraka. Msindikaji ana safari nyingine ya makaratasi: jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi, na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Kituo kizuri kinamshika mkono kwenye hizo ofisi na kumuunganisha na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwani bila alama ya TBS unga wake hauingii supamaketi hata uwe mtamu vipi.

Kwa mtaji, kuna mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kuna pia mfuko wa dhamana wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, unaobeba sehemu ya hatari ili benki za kawaida zimkopeshe mkulima mdogo asiye na hati ya nyumba. Na tusisahau kwamba mhitimu huyu mara nyingi tayari ana deni la Bodi ya Mikopo shingoni. Kumpa mkopo mkubwa kabla hajauza chochote ni kumwongezea mzigo. Mimi naunga mkono vituo vinavyompa kwanza vifaa na malighafi, auze mzunguko mmoja au miwili, daftari lake lionyeshe, ndipo fedha ifuate. Daftari hilo lenyewe linakuwa dhamana yake benki.

Mipango hii inakwama pia, tena kwa namna zinazofanana. Vijana hupelekwa shambani kabla maji hayajafika, wakakaa msimu mzima wakingoja, wenye njia nyingine wakaondoka. Wengine huingia kwa ajili ya posho ya kujikimu, na posho ikikatika nao hawaonekani. Wasichana hupotea mapema pale malazi yasipokuwa salama au mama mwenye mtoto mchanga asipofikiriwa kabisa. Na wafadhili hupenda kuhesabu waliofundishwa, kwa sababu ni rahisi: unasoma karatasi ya mahudhurio. Hesabu inayostahili ni nyingine. Miaka miwili baada ya kutoka kituoni, ni wangapi bado wanauza? Wamewaajiri wangapi, na wanawalipa kwa wakati? Aliyeajiriwa na mhitimu mwenzake kama meneja wa banda au dereva wa bidhaa naye ahesabiwe, maana si kila mtu ameumbwa kumiliki biashara, na ajira ni ajira.

Kwa hiyo unayetaka kujaza fomu, uliza mambo machache kabla ya kusaini. Nani atanunua nitakachozalisha, na je, makubaliano hayo yameandikwa? Maji na umeme vipo leo au viko kwenye mpango? Mlezi wangu anaishi kwa biashara gani? Nitapewa mkataba wa ardhi wa miaka mingapi, na nikifa au nikiolewa mkoa mwingine inakuwaje? Nikimaliza muda wangu, kituo kitaendelea kunifuatilia kwa miezi mingapi? Na hasara ya mzunguko wa kwanza, ile inayompata karibu kila anayeanza, itakuwa ya nani: yangu peke yangu, ya kikundi, au kuna mfuko wa kuibeba? Omba jibu la swali hili la mwisho kwa maandishi. Wasipokuwa nalo, tafuta kituo kingine.