Kwa nini mechi ya wasichana huanza saa nane na ya wavulana saa kumi?

Katika shule niliyosomea hapa Lubumbashi, wasichana walianza kucheza saa nane mchana, jua la Oktoba likichoma udongo mwekundu na mistari ya chokaa ikiwa bado mibichi chini ya viatu vyao. Wavulana waliingia saa kumi, joto likiwa limepungua. Ndipo ngoma zilipofika, na wauza karanga, na mkuu wa shule mwenyewe. Kisha tuliambiwa kwamba mpira wa wasichana hauna mashabiki.

Je, ratiba hufuata mashabiki, au mashabiki hufuata ratiba?

Swali hilo lilifika mahakamani nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1972, iitwayo Title IX, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu. Katika shule moja ya sekondari ya jimbo la Indiana, karibu asilimia 95 ya mechi za mpira wa kikapu za wavulana zilipangwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi, wakati wazazi wamepumzika na kesho yake hakuna masomo, ilhali kwa wasichana ni nusu tu na kidogo zaidi. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilikataa kuitupa kesi hiyo, ikaeleza kwamba kucheza siku za masomo kunawapunguzia wasichana watazamaji, kunagongana na kazi za shule, na kunaweza kuwafanya wajione wa daraja la pili.

Hoja ya watazamaji ndiyo yenye uzito kwetu. Mtu haji uwanjani kwa ajili ya mpira peke yake. Huja kwa sababu rafiki zake watakuwapo, na mechi inayofunga siku ndiyo inayohesabiwa kuwa mechi yenyewe, hata kama iliyotangulia ilikuwa nzuri kuliko hiyo. Na vipaji havijakosekana katika mji huu: Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa kuifunga AS FAR ya Moroko bao 1-0.

Kubadilishana saa kila wiki kungesaidia, ingawa si jambo jepesi, kwa kuwa giza huingia mwendo wa saa kumi na mbili na msichana anasubiriwa nyumbani kuchota maji na kupika. Kwa hiyo ratiba ya haki humtaka kaka yake naye ashike ndoo.

Mwaka wangu wa mwisho, basi la wavulana wa shule pinzani liliharibika njiani, mpangilio ukageuzwa, na wasichana wakacheza saa kumi. Ngoma zilipigwa vilevile. Muuza karanga alimaliza beseni lake kabla ya mapumziko.