Wati haina "kwa saa"

"TV yangu inakula wati mia kwa saa." Sentensi hii utaisikia kwa fundi, kwa muuzaji, hata kwa wale wanaowafundisha wenzao kubana matumizi ya umeme. Mara ya kwanza unaiacha ipite, ya pili pia. Shida inakuja pale msemaji anapoanza kupiga hesabu ya uniti, au anapojiuliza kwa nini chumba kina joto. Hiyo "kwa saa" inampeleka kusiko, na lawama zote anaitupia mita.

Maana yenyewe ni fupi. Wati ni kipimo cha kasi ya kutumia nishati: wati 1 ni jouli 1 kila sekunde, na jouli ndiyo kipimo cha nishati yenyewe. TV ya wati 100 inavuta jouli 100 katika sekunde hii, jouli 100 nyingine sekunde inayofuata, na hivyohivyo mpaka uizime. Basi.

Muda, kwa maneno mengine, umeshaingia humo ndani, ila hauonekani, na nadhani hapo ndipo watu wanapokosea. Mwendo wa gari tunasema kilomita 80 kwa saa; muda unasikika, hakuna anayethubutu kuongeza "kwa saa" ya pili. Wati imepewa jina la mtu, na jina la mtu halikuonyeshi kilichomo. Mtu huyo, James Watt, hakuwa hata wa mambo ya umeme. Alikuwa mhandisi wa injini za mvuke, aliyepima kazi ya injini zake kwa nguvu za farasi, na farasi mmoja wa hesabu hiyo ni takriban wati 746. Alifariki mwaka 1819. Ilipofika 1882 ndipo mhandisi William Siemens alipopendekeza, mbele ya chama cha wanasayansi wa Uingereza, kwamba kipimo cha kasi ya nishati kiitwe wati. Katika hotuba hiyohiyo alipendekeza jina la jouli pia, kwa heshima ya James Joule, ambaye miaka ya 1840 alionyesha kwamba kazi na joto ni nishati ileile katika sura mbili. Huyo Joule tutamhitaji tena hapa chini. Laiti wangeacha tuseme "jouli kwa sekunde", leo tungekuwa na midomo mizito lakini hesabu safi.

Mita haihesabu wati. Inahesabu uniti, na uniti moja ni kilowati-saa moja: wati 1,000 zikitumika saa nzima, sawa na jouli milioni 3.6. Saa ipo, ndiyo, lakini hapa inazidisha. Ukisema "kwa saa" umegawa. Wati-saa na wati kwa saa zinafanana masikioni tu. Kwenye karatasi moja ina kuzidisha na nyingine ina kugawa, na hakuna namna zikatoa jibu moja.

Tena "wati kwa saa" si upuuzi mtupu. Ina kazi yake. Wanaoendesha mitambo ya kuzalisha umeme huzungumzia megawati kwa dakika, wakimaanisha jinsi mtambo unavyoweza kupandisha uzalishaji haraka. Kwa hiyo tukimchukua msemaji wetu neno kwa neno, TV yake inaongeza wati 100 kila saa inayopita: akiiwasha asubuhi, ikishawaka kwa muda wa saa kumi inavuta wati 1,000, na mechi ya usiku ataitazama kwenye TV inayovuta kama pasi ya umeme.

Hesabu ya kweli ni nyepesi kuliko hiyo. TV ya wati 80 ikiwaka saa 5 kwa siku inatumia wati-saa 400, yaani uniti 0.4, kwa siku 30 ni uniti 12. Birika la umeme la wati 2,000 likichemsha kwa dakika 3 limetumia wati-saa 100, na TV ile itazifikia baada ya saa moja na robo. Ndiyo maana swali la "kipi kinakula umeme zaidi, TV au birika?" halijibiki mpaka anayeuliza aseme kila kimoja kinawaka muda gani. Ile taa nyekundu ya TV iliyozimwa kwa rimoti nayo ni hivyohivyo: Ulaya imeweka kikomo cha wati 0.5 kwa vifaa vingi vilivyo katika hali hiyo tangu 2013, na nusu wati hiyo ikikaa mwaka mzima bila kukatwa haifiki uniti 5.

Kuhusu namba iliyobandikwa nyuma ya TV, isomeke kwa uangalifu. Utaona "100-240V~ 50/60Hz 120W" au mfano wake. Volti pale zinaeleza umeme wa ukutani ambao kifaa kinaweza kupokea, hazielezi kinatumia kiasi gani. Hilo nalo ni kosa la kila siku. Na zile wati 120 mara nyingi ni kiwango cha juu. TV ileile ukiishusha mwangaza inaweza kuvuta chini ya hapo kwa mbali. Kwenye kioo cha OLED hata picha ina usemi, kwa sababu kila nukta inatoa mwanga wake: uwanja wa barafu mweupe unavuta zaidi kuliko mandhari ya usiku. TV za LED za kawaida, ambazo kioo chake ni cha LCD, zina taa nyuma ya kioo, na kinachoamua hasa ni hizo taa zimewekwa kuwaka kwa nguvu gani.

Sasa joto, ambako mambo yanaharibika zaidi. Muulize mtu TV ya wati 100 inatoa joto la wati ngapi. Atakwambia 20, au 30, kwa sababu zilizobaki "zinaenda kwenye picha na sauti". Jibu ni 100. Tena wala si karibu na 100. Ni zote, ukiondoa mwanga kidogo unaotorokea dirishani. Sehemu kubwa inageuka joto humohumo ndani ya kifaa: kwenye kioo cha LCD, vichujio vya rangi na tabaka nyingine humeza zaidi ya tisa ya kumi ya mwanga wa taa za nyuma kabla haujatoka. Kiasi kinachotoka kinagonga kuta, mapazia na nguo za watazamaji, kinanyonywa, kinakuwa joto. Sauti nayo inafia kwenye kuta na viti, na inaishia kulekule. Hicho ndicho Joule alichotuachia: nishati haipotei kwa kuwa imekufurahisha.

Watu hukataa kwa kushika. Wanasema TV za chogo ndizo zilikuwa zinachemka, hizi bapa zina uvuguvugu tu. Lakini mkono hupima halijoto, haupimi wati. Wati 100 zikitokea kwenye tundu dogo mgongoni mwa TV ya chogo zitaunguza; zikisambaa kwenye kioo kipana cha inchi 65 utahisi vuguvugu, na chumba kitapokea joto lilelile. Ikusaidie kujua kwamba mtu mzima aliyekaa ametulia naye anatoa joto la wati 100 hivi. Kwa hiyo TV ya kawaida ndani ya chumba ni kama mgeni mmoja wa ziada, na watazamaji watano wanakipasha chumba kuliko kile wanachokitazama.

Na hapa kuna jambo ambalo hunichekesha kila mara. Watu haohao wakienda kununua AC husema "ya BTU 9,000", wakanyamaza. BTU ni kiasi cha joto, kama jouli. Haina muda ndani yake. AC haiondoi BTU 9,000 ikamaliza kazi, inaondoa BTU 9,000 kwa saa, na wati 1 ni kama BTU 3.4 kwa saa. TV yako ya wati 100 basi inaiongezea AC mzigo wa BTU 340 hivi kwa saa. Kwa hiyo wapendwa, ile "kwa saa" mnayoibandika kwenye wati hatuwanyang'anyi. Ihamishieni kwenye BTU, huko imekuwa ikihitajika siku zote.